Gharama ya Sauti Mtandaoni: Nani Aibebe?

Mazungumzo kuhusu sauti za mtandaoni hayachelewi kufika kwenye swali moja: faili liwe la aina gani, na la kilobiti ngapi? Wanaouliza ni vituo vya redio vinavyoweka vipindi kwenye tovuti, wanamuziki wanaojisimamia, misikiti na makanisa yenye mawaidha na mahubiri ya miaka mingi, hata familia zenye kanda za harusi za enzi za wazazi. Majibu wanayopewa yanagongana. Huyu anaambiwa asithubutu kushuka chini ya kilobiti 320 kwa sekunde. Yule anaambiwa 64 zinatosha na zitabaki. Wa tatu anaambiwa asijisumbue na hesabu hizo, apandishe YouTube, wenyewe watajua la kufanya. Msikilizaji naye analalamikia mengine kabisa: sauti iko chini hata akifungulia simu hadi mwisho, eafoni ya upande mmoja iko kimya, kipindi kinakatakata, bando limekwisha mazungumzo yakiwa nusu.

Swali lile na malalamiko haya hayakutani popote. Idadi ya kilobiti ni uamuzi mmoja kati ya mingi, tena wa mwisho mwisho. Kabla yake kuna maamuzi mengine, na kila moja linaongeza gharama kwa mtu fulani na kumpunguzia mwingine: mwenye rekodi, mwenye seva, au anayesikiliza. Mazoea yetu ni kumtupia msikilizaji mzigo huo, ilhali yeye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote na hana hata njia ya kurekebisha kilichoharibika.

Tulikotoka

Sauti ikiingia kwenye kompyuta hupimwa maelfu ya mara kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba. CD hupima mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikichukua biti 16, na kazi hiyo hufanyika mara mbili, kushoto na kulia. Jumla yake ni kilobiti 1,411 kila sekunde, au megabaiti 635 hivi kwa saa. Mwaka 1995, kampuni ya Progressive Networks ya Seattle ilipotoa RealAudio, modemu nzuri ya nyumbani ilipitisha kilobiti 28.8 kwa sekunde. Kusikiliza CD kwa njia hiyo kungetaka uwezo wa karibu mara 50 zaidi. RealAudio ya mwanzo ilikuwa na sauti ya redio iliyo mbali, lakini ilionyesha kwamba mtu anaweza kuanza kusikiliza huku faili likiendelea kuja.

Ujuzi wa kubana sauti ulikuwa tayari umekomaa Ujerumani, kwenye taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, ambako Karlheinz Brandenburg na wenzake walishiriki kuunda kile tulichokuja kukiita MP3. Msingi wake ni udhaifu wa sikio. Ngoma ikilia kwa nguvu, sauti ndogo zilizo karibu nayo kwa masafa au kwa wakati hufunikwa, nasi hatuzisikii. Programu ya kubana huzitafuta sauti hizo zilizofunikwa, ikazipa biti chache au ikazitupa kabisa. Kilichotupwa hakirudi. Katika majaribio yake Brandenburg aliutumia sana wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", ambao ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala. Muziki mzito huficha makosa. Sauti tupu ya binadamu huyaanika. Wanaosema mawaidha, tenzi au usomaji wa hadithi ni "maneno tu" na kwa hiyo yabanwe vyovyote, wangefanya vizuri kulikumbuka hilo.

AAC ilifuata mwaka 1997, na Opus ikasanifishwa mwaka 2012. Opus imeunganisha mbinu mbili, moja ya muziki na moja iliyotengenezwa na Skype kwa ajili ya mazungumzo, ndiyo maana huweza kushuka chini sana bila maneno kupotea. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hutumia Opus, kwa hiyo watu wetu wanaisikia kila siku bila kuijua jina. MP3 nayo imebaki na nguvu yake ya pekee: inachezwa na kila simu na kila kivinjari, na tangu mwaka 2017, leseni zake zilipofikia mwisho, haidaiwi chochote.

Ubora kwanza

Kundi la kwanza linasema rekodi ibaki kamili, au ikaribie ukamilifu. Liwekwe faili la FLAC, ambalo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote, au angalau MP3 ya kilobiti 320. Hoja yao ina uzito. Kubana kupita kiasi huumiza zaidi sauti za ghafla: rika, kayamba, makofi, mkong'oto wa ngoma. Sauti ya namna hiyo ikikosa biti za kutosha hutanguliwa na kivuli chake, mvumo mfupi unaosikika kabla ya pigo lenyewe, na pigo likapoteza makali. Tena hakuna ajuaye miaka 20 ijayo rekodi hii itatakiwa kwa kazi gani. Atakayekuwa na MP3 ya kilobiti 64 pekee hatakuwa na pa kuanzia.

Udhaifu wao ni kudhani kwamba namba kubwa huzaa ubora. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, miaka mitatu tu tangu kurekodi kwa umeme kuingie sokoni. Santuri hizo ni za mono, na katika masafa ya juu zilichobeba ni mkwaruzo zaidi kuliko fidla au sauti ya mwimbaji. Ukiipa rekodi kama hiyo kilobiti 320 za stereo, biti nyingi zinakwenda kubeba mkwaruzo kwa uaminifu mkubwa, mara mbili, kushoto na kulia. Msikilizaji aliyeko Tanga au Bukavu anailipia kazi hiyo: kilobiti 320 ni megabaiti 144 kwa saa, wakati 64 za mono zingekuwa megabaiti 29. Megabaiti 115 zilizobaki hazikumpa noti hata moja ya ziada.

Kundi hili limechanganya kazi mbili, kuhifadhi na kusikilizisha. Katika kuhifadhi wako sahihi kabisa. Mwongozo wa IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, unataka kanda za zamani zihamishwe kwa angalau kilohezi 48 na biti 24, na hifadhi nyingi huenda hadi kilohezi 96. Kwa stereo kiwango hicho cha juu ni gigabaiti 2 kwa saa. Ni faili la kabatini, kama mpiga picha wa zamani alivyotunza negativu na kumpa mteja picha iliyosafishwa. Hakuna sababu ya msikilizaji kupelekewa kabati.

Wepesi kwanza

Kundi la pili linaanzia kwenye bando. Linasema rekodi isiyofika haina ubora wowote, hata ingekuwa safi namna gani. Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzia Nairobi, ilijengwa juu ya mazoea haya: mtu apakue wimbo mara moja, ausikilize atakavyo bila kulipia tena. Kwa mazungumzo hesabu inalipendelea kundi hili waziwazi. Opus ya kilobiti 24 za mono hutoa maneno yanayosikika vizuri kwa megabaiti 11 hivi kwa saa. Darsa la saa moja linakuwa jepesi kuliko picha chache za simu.

Lakini wengi wanaofuata njia hii huifuata vibaya. Huchukua MP3 iliyokwisha kubanwa, labda iliyopokelewa kwenye kundi la WhatsApp baada ya kupita kwenye simu kadhaa, wakaibana upya. Kila kubana kunatupa kwa kukadiria, na makadirio mapya yanajengwa juu ya mabaki ya yale ya zamani. Raundi tatu, na herufi "s" na "sh" zimeanza kusikika kama maji. Kosa jingine ni kushusha MP3 hadi kilobiti 32 huku stereo ikiachwa, ili mtu mmoja aliyerekodiwa na kipaza sauti kimoja agawiwe njia mbili, kila moja ikiwa na njaa. Hata uchaguzi wa Opus una kodi yake, kwa kuwa Safari ya Apple ilichelewa sana kuikubali katika baadhi ya vifungashio vyake, na simu za zamani bado ziko mikononi mwa watu. Anayechapisha Opus peke yake amewafungia baadhi yao mlango.

Kuna jambo ambalo watu wa wepesi hawalitaji sana: kelele ni ghali. Programu ya kubana huishi kwa kutabiri, na mvumo wa kanda hautabiriki. Kaseti yenye "shhhh" nyingi inakula biti zilizopaswa kwenda kwa msemaji. Kwa hiyo nusu ya vita vya wepesi hupiganwa kabla ya kubana.

Waachie majukwaa

Kundi la tatu halitaki kuhangaika. YouTube, Spotify na wenzao wana seva karibu kila bara, na hutengeneza matoleo kadhaa ya kila rekodi, ili mwenye mtandao dhaifu apewe jepesi. Mtu binafsi hawezi kushindana nao kwa hilo, na kwa mwanamuziki anayetafuta masikio mapya, hadhira iko huko huko. Hoja hizi ni za kweli na sioni faida ya kuzikejeli.

Gharama yake iko pembeni. Rekodi ya sauti inayowekwa YouTube ikiwa na picha moja iliyoganda inamlazimisha msikilizaji kupakua video pia, ingawa ndogo. Kuendelea kusikiliza baada ya kuzima kioo ni huduma ya kulipia, kwa hiyo mama anayesikiliza mahubiri huku akipika anaacha simu ikiwaka saa nzima. Jukwaa nalo halirekebishi ulichokosea. YouTube hushusha rekodi iliyo juu kupita kiwango chake, lakini iliyo chini haiipandishi. Darsa lililorekodiwa kwa sauti hafifu hubaki hafifu, kisha tangazo linaingia kwa kishindo. Tena jukwaa hubana upya kila unachopandisha; ukilipatia MP3 iliyochoka, litakupa matokeo yaliyochoka zaidi. Na anayedhani jukwaa ni hifadhi ajaribu kudai nakala yake ya awali. Huenda kitakachorudi ni kile kilichobanwa.

Kinachoharibika kabla ya kubana

Makundi yote matatu yanabishana kuhusu hatua ya mwisho. Malalamiko ya wasikilizaji yana mizizi kwenye hatua za mwanzo, na hapa ndipo mtayarishaji mwenye kompyuta ya kawaida na muda anaweza kufanya mengi kuliko seva yoyote.

Tuanze na kanda yenyewe. Kaseti husomwa na kichwa chenye pembe maalumu, na mashine mbili hukaa kwa pembe mbili tofauti kidogo. Ukiicheza kaseti kwenye mashine isiyolingana nayo, makali ya sauti hupotea. Bisibisi ndogo kwenye skrubu ya kichwa, huku ukisikiliza mpaka herufi za kukwaruza zirudi, hurejesha kile ambacho programu haitaweza kukirejesha baadaye. Wengi huruka hatua hii, kisha wakatumia jioni nzima kuongeza masafa ya juu kwenye kompyuta, na wanachokiongeza ni mvumo.

Pembe hiyo hiyo ina madhara mengine yanayochelewa kuonekana. Njia ya kushoto ikitangulia ya kulia hata kwa muda mdogo sana, mtu mwenye spika mbili hatahisi tatizo. Lakini simu nyingi zina spika moja, na simu ikijumlisha njia mbili zisizokwenda pamoja, wimbi linalopanda linakutana na linaloshuka, yanauana. Waya uliounganishwa kinyume upande mmoja huleta balaa kubwa zaidi: kwenye eafoni sauti ipo, kwenye spika ya simu mwimbaji ametoweka na imebaki miangwi ya studio. Dawa ni kubadili rekodi kuwa mono na kuisikiliza kabla ya kuitoa. Kwa mahojiano yaliyorekodiwa mwulizaji kushoto na mgeni kulia, mono si suala la kuokoa bando tu. Watu wengi husikiliza kwa eafoni moja, nyingine ikiwa imekufa au sikio la pili likiwa kazini, na kwa mtu huyo nusu ya mahojiano haipo.

Kisha kelele. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na mvumo unaoingia kupitia waya mbovu hukaa kwenye 50, 100 na 150. Ni rahisi kuupunguza bila kuumiza maneno, na kwa mazungumzo kila kilicho chini ya hezi 80 kinaweza kuondoka bila mtu kukililia. Mvumo wa kanda ni mgumu zaidi, na hapa pana mtego. Programu za kusafisha zinashawishi: unasogeza kitufe, kelele inapungua, unasogeza tena. Zikipitilizwa huacha milio midogo ya kuelea, kama msemaji yuko chini ya maji, na kubana kunaikuza milio hiyo. Kelele kidogo iliyotulia sikio huizoea kwa dakika moja. Sauti ya majini halizoei. Kati ya makosa hayo mawili, ningechagua kelele.

La mwisho, na ndilo chanzo cha malalamiko mengi, ni ukubwa wa sauti. Zamani vipimo vilihesabu kilele cha wimbi tu, na kilele hakisemi sikio linasikia nini. Mwaka 2006 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilitoa kanuni ya kupima kwa namna ya sikio, na kutokana nayo tukapata kipimo cha LUFS. Watangazaji wa Ulaya walikubaliana mwaka 2010 juu ya −23. Apple inapendekeza −16 kwa podikasti, na Spotify hucheza muziki kwa −14. Tofauti hizo zina sababu. Televisheni iko sebuleni penye utulivu na ina spika zenye nguvu. Simu iko ndani ya daladala. Rekodi ya −23 kwenye simu hiyo ndiyo inayomfanya mtu aseme "sauti iko chini", na hakuna idadi ya kilobiti itakayomsaidia.

Kupandisha hadi −16 kuna bei. Mhubiri hunong'ona, kisha hupaza. Taarabu huanza na bashraf ya utulivu kabla mwimbaji hajaingia. Ili wastani upande bila vilele kupasuka, tofauti kati ya chini na juu lazima ipunguzwe, na ikipunguzwa sana kila sentensi inakuwa na uzito uleule, hadi masikio yanachoka bila mtu kujua kwa nini. Kwa mawaidha ningekubali kupunguza kwa kiasi, kwa kuwa neno lisilosikika limepotea. Kwa taarabu ningeacha utulivu wake na kuridhika na −17 au −18. Kwa vyovyote vilele viachwe nafasi ya desibeli moja juu yake, maana kubana huvisogeza, na kilichogusa dari kabla ya kubana hupasuka baada yake.

Mubashara ni kesi nyingine

Matangazo ya moja kwa moja hayana muda wa kusafisha, na mvutano wake ni kati ya kuchelewa na kukatika. Mfumo wa HLS, uliotolewa na Apple mwaka 2009, hukata sauti vipande vya sekunde chache, sita kwa pendekezo la Apple, na programu ya kusikilizia huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza. Akiba hiyo humvusha msikilizaji mahali pasipo na mtandao. Pia humchelewesha sekunde 20 au 30, kwa hiyo jirani mwenye redio ya FM ameshashangilia bao kabla mpira haujapigwa kona mtandaoni. Mfumo wa Icecast hutuma mkondo mmoja usiokatwa na huchelewa kwa muda mfupi zaidi, lakini mtandao ukiyumba mkondo unakatika. Kwa soka ningeenda na Icecast. Kwa ibada ya Ijumaa au Jumapili, HLS, kwani hapo anayechelewa sekunde 30 hajapoteza kitu.

Mizani

Ukizipima gharama kwa upande wa anayezibeba, ubishi wa makundi matatu unapungua sana. Nakala ya kabatini inamgharimu mwenye rekodi diski ngumu mbili, zikae sehemu mbili. Usafi na ukubwa wa sauti vinamgharimu mtayarishaji saa zake. Matoleo mawili badala ya moja yanamgharimu mwenye seva nafasi ambayo leo ni bei ndogo. Msikilizaji pekee ndiye anayelipa kila mara anaposikiliza, na wasikilizaji wakiwa elfu, kosa moja la mezani hulipiwa mara elfu.

Kwa hiyo kwa mazungumzo, mono: MP3 ya kilobiti 64 kwa kila mtu, na Opus ya 24 kando yake kwa anayetaka kuokoa bando. Kwa muziki wa kisasa wa stereo, AAC ya 128, na toleo la 48 au 64 kwa mtandao dhaifu. Kwa santuri na kanda za mono, mono, hata kama moyo unakataa. Kanda za bendi zilizorekodiwa kwa mono katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam haziwi stereo kwa kunakiliwa mara mbili. Majukwaa yatumiwe kama dirisha, yakipewa faili bora lililosafishwa, huku nakala ya awali ikibaki nyumbani.

Yako na madogo yanayosahaulika baada ya hayo yote kufanyika vizuri. Picha ya jalada ya megabaiti 3 ndani ya MP3 ya kilobiti 64 ina uzito wa zaidi ya dakika sita za sauti, na msikilizaji huipakua kabla hajasikia neno. Faili la M4A lenye faharasa mwishoni linaweza kuchelewa kuanza. Programu nyingi za kubana zina chaguo la kuihamishia mwanzoni. Rekodi ndefu za MP3 ziwe na kiwango cha biti kisichobadilika, kwa sababu zile za kiwango kinachobadilika hutegemea orodha ya alama 100 tu za kurukia, na kwenye hotuba ya saa tatu hatua moja ni karibu dakika mbili. Anayetafuta alipoishia jana usiku ataangukia pembeni yake, na bando linaendelea kuhesabu wakati anatafuta.